Jumamosi Aliyoikataa Khairunisa

Simu ya shule ilimkuta Khairunisa ameinama juu ya mguu wa bibi harusi, koni ya hina mkononi, ua la kisigino bado halijakamilika. Saluni aliyofanyia kazi ilikuwa chini ya mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers, mjini Dubai, na mwenye saluni, mwanamke wa Kilebanoni ambaye wote walimwita madam, hakupenda simu zipokelewe mbele ya wateja. Khairunisa akaiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena, mpaka bibi harusi mwenyewe akamwambia, "Pokea, dada. Huenda ni mtoto."

Alikuwa mtoto kweli. Hilwa, binti yake wa pekee, mwenye miaka minane, alikuwa ametoka nje ya geti la shule saa ya mapumziko akimfuata paka. Walimkuta katikati ya mzunguko wa barabara, amechutama kwenye majani, magari yanampitia pande zote, naye ananong'ona "pusi, pusi" kana kwamba yuko kibarazani kwao.

Khairunisa alipofika shuleni, huko Al Qusais, alimkuta ofisini anabembeza miguu, soksi moja haionekani iliko.

"Mama!" akasema Hilwa, uso unamng'aa. "Paka mwenyewe ana jicho moja la buluu na jingine la manjano! Sijawahi kuona!"

Khairunisa hakujua acheke au alie. Alimshika bega kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Msimamizi wa madarasa ya chini alikuwa mama wa Kihindi mwenye sauti ya taratibu. Alifunga mlango, akasema wanampenda Hilwa, ana akili nyepesi, lakini hawezi kukaa kwenye kiti, hamalizi kazi hata moja, na sasa hili la barabarani limewatia hofu. Akataja jina ambalo Khairunisa alikuwa halijui: ADHD. Hali ya ubongo, akaeleza, inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kushika jambo moja mpaka mwisho. Si ukaidi wala si malezi mabaya. Apimwe na mtaalamu, shule iletewe ripoti kabla ya mwaka mpya wa masomo.

"Na nisipoileta?"

Yule mama aliangalia meza yake. "Itakuwa vigumu kumwandikisha tena."

Huo ulikuwa mwaka 2013. Khairunisa na mumewe Aidarus walikuwa wametoka Mombasa, mtaa wa Kibokoni, Hilwa akiwa bado wa kubebwa. Aidarus alifanya kazi katika ofisi ndogo ya mizigo kule Deira, ofisi ya arbab mmoja, yaani tajiri mwenye kazi, na wafanyakazi wasiojaza gari. Visa ya familia ilipatikana kwa kubana kila mahali. Waliishi chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana, chumba cha pili wakikaa mume na mke kutoka Tanga, jiko na bafu ni la wote.

Aidarus aliporudi jioni ile na kuelezwa, alivua kofia akaiweka juu ya friji.

"Mwanangu si mwendawazimu, Khairu."

"Hakuna aliyesema ni mwendawazimu."

"Kupelekwa kwa daktari wa akili ni nini basi? Hata mimi nilikuwa hivyohivyo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alinichapa nikanyooka. Mtoto anataka kukazwa tu."

Khairunisa hakubisha sana, kwa sababu hata yeye alikuwa akimkaza. Ndala ilikuwa haikai mbali. Hilwa akisahau mkoba kwenye basi, ndala. Akimwaga chai, akiulizwa jambo akajibu jingine, ndala. Na kila mara mtoto alilia kwa mshangao uleule, kama mtu aliyepigwa na mpita njia, kisha baada ya muda mfupi yuko dirishani anahesabu ndege. Mshangao ule ndio uliomtia Khairunisa shaka. Mtoto mkaidi hashangai.

Akaanza kutafuta. Saa ya chakula aliingia stoo ya saluni, katikati ya taulo na makopo ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, akapiga simu kliniki moja baada ya nyingine. Swali la kwanza lilikuwa lilelile kila mahali: una bima? Hawakuwa nayo. Sheria ya kuwalazimisha waajiri wote watoe bima ilikuwa inakuja, ilisemwa, lakini ilianza na makampuni makubwa, na arbab wa Aidarus hakuwa mtu wa kutangulia. Bila bima, kupimwa tu, kabla hata ya dawa, kulikuwa kunazidi mshahara wa Khairunisa wa mwezi. Kliniki moja ilimtajia bei kwa upole kiasi kwamba akasema "asante sana" na kukata simu huku mashavu yanamwaka moto, kana kwamba amekamatwa akiiba. Alijaribu njia ya hospitali ya serikali, akaambiwa aanze na daktari wa kawaida, apate barua ya rufaa, kisha asubiri aitwe. Akaenda, akapata barua, akasubiri. Hakuitwa.

Siku moja alipiga kliniki ya watoto iliyokuwa Oud Metha, akaanza kujikwaa kwa Kiingereza chake cha saluni, na sauti ya upande wa pili ikamkatiza.

"Ongea tu Kiswahili, dada. Nimekujua tangu useme helo."

Alikuwa Wangari, mpokezi wa pale, mtu wa Nyeri. Khairunisa alijikuta anamweleza yote, paka, shule, mume, hospitali. Wangari alimsikiliza huku akipokea wagonjwa wengine, akimwambia "ngoja kidogo" na "endelea".

"Sasa nikuambie," akasema mwishowe. "Hapa kuna daktari anaitwa Irshad. Jumamosi chache za mwezi huwaona watu wasio na bima, kwa bei ya chini, na unalipa polepole. Usiende ukitangaza, maana foleni tayari ni ndefu."

"Ndefu namna gani?"

"Miezi. Pengine zaidi. Nikuandike?"

"Niandike, dada. Niandike tafadhali."

"Na usikae bure ukingoja. Mpeleke apimwe macho na masikio, hiyo si ghali, na daktari lazima ataiuliza. Mwambie mwalimu wake aandike vile anamwona darasani. Ukija na hizo, anapunguza kazi na wewe unapunguziwa gharama."

Khairunisa alifanya yote mawili. Macho mazima, masikio mazima. Mwalimu aliandika kurasa mbili zenye huruma. Shule, kwa kuona jina lake liko kwenye foleni, ikakubali kumwandikisha Hilwa kwa muda.

Kabla ya zamu kufika, Wangari alimwita kwenye mkutano wa wazazi ambao Daktari Irshad aliufanya bila malipo siku ya Ijumaa baada ya swala. Aidarus alisema ana kontena la kupakia. Khairunisa akaenda peke yake, akakaa safu ya nyuma. Daktari alikuwa mzee mwembamba wa Karachi, anaongea Kiingereza cha polepole ambacho kila mtu angeweza kukifuata.

"Mtoto huyu hakatai kukusikia," alisema. "Amekusikia, kisha neno limempita. Mpe jambo moja. Subiri alimalize, kisha mpe la pili. Akifanya vizuri msifu palepale, usingoje jioni."

Baba mmoja akauliza kuhusu fimbo.

"Umempiga miaka mingapi?" daktari akamuuliza.

"Minne, mitano."

"Imesaidia?"

Yule baba akaketi. Khairunisa alitazama mikono yake iliyoiva hina ya kazini, akaamua palepale kwamba ndala basi.

Asubuhi iliyofuata ya shule alisimama mlangoni, akasema, "Hilwa, viatu." Akangoja. Hilwa akavaa viatu. "Masha'Allah. Sasa mkoba." Akachukua mkoba. Wiki zile basi lilipofika walikuwa chini wanasubiri, bila makelele, na Hilwa akipanda alikuwa anageuka kumpungia mamake. Aidarus aliona, akasema, "Si nilikuambia? Anakua." Khairunisa akamwachia aamini hivyo.

Ila njia ile ilitaka mzazi asiyechoka. Khairunisa alisimama saluni kutwa nzima, siku za harusi mpaka saa tatu ya usiku, mgongo umekunjika, kisha metro, kisha basi, kisha kupika kwa zamu katika jiko la watu wawili. Kumwambia mtoto jambo moja, ukangoja, ukamsifu, ukaanza la pili, ni kazi inayohitaji nguvu ambayo yeye alikuwa ameiacha kwenye miguu ya watu. Polepole sauti yake ikapanda tena. Miezi ikapita. Kila alipompigia Wangari, aliambiwa, "Bado, dada. Mnasogea lakini."

Kisha likaja la maji. Hilwa alifungulia bomba la bafu amwoshe mwanasesere, akasikia kitu barabarani, akaenda roshani kutazama, na bafu likamtoka akilini kabisa. Maji yalipita chini ya mlango, yakaingia chumba cha wale wa Tanga, yakalowesha zulia na sanduku walilokuwa wamefunga kwa safari ya nyumbani, nguo za zawadi na vitambaa vya watu. Yakashuka mpaka dari ya nyumba ya chini. Mwenye nyumba akaja kusema likitokea tena watahama. Mke wa Tanga, mwanamke mpole ambaye hakuwa amewahi kulalamika, alisimama katikati ya maji akasema, "Mama Hilwa, tunampenda mtoto, Mungu shahidi. Lakini leo ni maji. Kesho atawasha jiko."

Siku hiyo Khairunisa alimpiga Hilwa. Alimpiga kuliko siku zote, na ni Aidarus ndiye aliyemshika mkono.

Walipokaa, Aidarus alisema bila ukali, "Nimeongea na mama huko Mombasa. Ampokee yeye. Kule kuna nafasi, kuna watu, mtoto atakimbia mpaka achoke. Hapa tunamfungia kwenye boksi."

Maneno yake hayakuwa ya kipumbavu. Khairunisa angeweza kusema kwamba jina la mtoto liko kwenye foleni na zamu haiko mbali. Aidarus hakuwa mtu wa kupiga meza, angesikiliza. Lakini alikuwa amechoka uchovu wa kuumwa mifupa.

"Khalas," akasema. "Mpeleke."

Tiketi zikakatwa za Ijumaa, Aidarus ampeleke na kurudi. Katikati ya wiki ile Khairunisa yuko stoo anachanganya hina, simu ikalia.

"Mama Hilwa!" Wangari alikuwa anacheka kwa furaha. "Mtu ameahirisha. Jumamosi hii, asubuhi. Nimekuwekea wewe."

Khairunisa alisimama na kijiko kinachuruzika. Mambo yalimpita kichwani kwa haraka. Tiketi ingebadilishwa, kwa kulipia. Mama mkwe alikuwa ameshatandika kitanda. Aidarus angepaswa kuelezwa upya. Halafu, baada ya kupimwa, nini? Dawa za kila mwezi, kurudi kliniki, shule, jiko la kushirikiana, asubuhi za viatu na mkoba. Wangemtafutia nyumba nyingine wapi?

"Mpe mwingine, dada," akasema.

"Ati?"

"Mtoto anasafiri. Anakwenda kukaa kwa nyanyake."

"Una hakika? Nyingine sijui itapatikana lini."

"Nina hakika."

"Haya," akasema Wangari, sauti imeshuka. "Mungu amtangulie."

Hakumwambia Aidarus. Ijumaa aliwasindikiza uwanja wa ndege, akamfunga Hilwa nywele vizuri, akamwambia atamfuata likizo. Hilwa alikuwa amefurahi kupanda ndege, aliuliza maswali kumi bila kungoja jibu, kisha akapita kule ndani bila kugeuka kumpungia, kwa sababu alikuwa ameona kitu kingine cha kutazama.

Khairunisa alirudi nyumbani akalala mchana kutwa. Wiki iliyofuata chumba kilikuwa kimya. Chai ilibaki kikombeni, viatu vilikaa pale vilipowekwa. Hakuna aliyempigia simu kazini, na madam akamsifu mbele ya wenzake kwamba mkono wake umetulia. Kimya kile kilikuwa kitamu. Baadaye, katika miaka iliyofuata, alijaribu kukumbuka kwamba alilia wiki ile, na hakuweza, kwa sababu hakulia.

Alikusudia kwenda likizo mwaka uleule. Madam akamwomba asogeze, msimu wa harusi, na malipo ya ziada yalikuwa na kazi ya kufanya. Mwaka uliofuata arbab wa Aidarus alichelewesha mishahara. Kwenye simu, Bi Swafiya, mama yake Aidarus, alisema kila mara, "Hajambo mwanenu. Siku hizi ametulia." Hilwa akipewa simu alisema "shikamoo mama", "nimekula", "nzuri", kisha akamrudishia nyanyake. Khairunisa alijiambia kwamba watoto hawapendi simu.

Alifika Mombasa mwanzoni mwa 2017. Hilwa, aliyekuwa anaingia miaka kumi na miwili, alikuja mlangoni na ushungi umefungwa vizuri, akambusu mkono, akakaa ukingoni mwa kiti. Hakuruka wala hakuuliza kilichomo masandukuni. Majirani walioingia wote walimsifu kwa upole. Khairunisa alimwambia, "Hilwa, niletee maji, mamangu," na mtoto akasema "samahani" kabla hajainuka. Khairunisa akadhani hakusikia vizuri. Kwa siku nzima akamwangalia. Hilwa alisema samahani akiitwa, akiulizwa, hata akipewa zawadi. Jikoni alisimama akiangalia sufuria kama mtu anayelinda adui, na midomo inarudia neno alilotumwa ili lisimtoke.

"Chuoni na shuleni wamemchapa sana," Bi Swafiya alisema walipobaki wawili. Macho yalikuwa yamemjaa. "Mimi nilikwenda kuwasema, wakasema ni mtoro wa akili. Amerudishwa darasa mara mbili. Sikukwambieni. Mko mbali, nilisema nisiwatie simanzi."

Khairunisa hakuwa na la kumlaumu. Kesho yake waliondoka watatu, wakaenda hospitali ya serikali ambako kulikuwa na kliniki ya siku moja kwa wiki, wakapanga foleni benchini na akina mama wengine. Daktari, mwanamke kijana wa Kitaita, aliongea na Hilwa peke yake kwanza, kisha na Khairunisa, kisha na Bi Swafiya, akawarudisha tena wiki iliyofuata. Gharama zote pamoja hazikufika hata nusu ya ile ambayo Oud Metha wangemtoza kwa bei ya chini.

"Ni ADHD," akasema. "Ipo tangu utotoni. Tutaanza na dawa kidogo, tutaiangalia, na nitazungumza na shule. Atasaidika. Ila sasa kuna na la pili, ameshaamini kwamba yeye ni mbaya. Hilo dawa hailigusi, litachukua muda." Akaangalia mafaili yake. "Hakuna aliyewahi kuwaambia apimwe?"

"Waliniambia," Khairunisa akajibu. "Nilipata na nafasi."

Daktari akamwandikia tarehe ya kurudi.

Walipotoka nje Hilwa alikuwa anatembea katikati ya mamake na nyanyake. Akauliza, taratibu, akiangalia chini, "Kwa hivyo mimi si mkaidi?"

"Hukuwa mkaidi hata siku moja," Khairunisa akasema.

"Basi mbona mlinirudisha?"

Bi Swafiya alitaka kujibu, akaanza, "Babako aliona—" Khairunisa akamshika mkono.

"Nilichoka, mwanangu. Kosa halikuwa lako. Mimi ndiye niliyechoka."

Hilwa alifikiri. Kisha akasema, "Samahani."

Dawa zilimsaidia. Si kwa muujiza, ila mwalimu mpya, aliyeelezwa na daktari, alimweka mbele na kumpa kazi vipande vipande, na mwisho wa muhula alipita. Khairunisa akamwomba warudi pamoja Dubai. Wakati huo bima ilikuwa imefika hata kwa familia za wafanyakazi, ingawa kadi yao ya bei ya chini haikugusa mambo ya namna hii, na dawa zenyewe ni za kuombewa kibali kabla ya kuingia nazo. Alisema yote hayo yatafanyiwa njia. Hilwa alimsikiliza kwa adabu, akasema angependa kubaki.

Aliporudi Dubai peke yake, Khairunisa alimweleza Aidarus habari za Jumamosi ile, mwanzo hadi mwisho. Aidarus alikaa akikunja na kukunjua kofia.

"Hata ungeniambia, ningekataa," akasema.

"Labda."

"Ningekataa, Khairu. Nakwambia."

Alisema hivyo kwa kumhurumia, na Khairunisa alijua. Lakini hakuwa na hakika kwamba ni kweli, wala Aidarus hakuwa nayo, na tangu siku hiyo hawakulizungumza tena.

Alivumilia miaka miwili zaidi, kisha akaaga saluni akarudi Mombasa moja kwa moja, akafungua kibanda cha hina nyuma ya nyumba ya Bi Swafiya. Hilwa sasa ni binti mrefu. Amerudi kucheka, na siku nyingine huongea bila kupumua kama zamani, na Khairunisa huacha kazi amsikilize mpaka mwisho, hata hina ikikauka. Huenda naye kliniki. Anajua jina la kila mwalimu wake. Hilwa humheshimu, humwonyesha alama zake, humpikia uji akiugua. Ila akijikata kisu, akiota ndoto mbaya, au akipata habari njema ya kumwambia mtu mbio, jina linalomtoka kwanza ni la nyanyake. Khairunisa akilisikia, huweka koni chini kidogo, kisha huendelea na kazi.